Shemeji, Ule Wito Haukuwa wa Kuchezea

Kwako shemeji Nkwabi, popote ulipojificha,

Sikuulizi habari ya afya. Nimeambiwa uko Nyarugusu unacheka vizuri, na mtu anayecheka namna yako hana homa. Simu nimekupigia mpaka kidole kimeota sugu. Inaita, inakatwa. Juzi nikaazima simu ya jirani, ukapokea, ukasikia ni mimi, ukasema, "Mtandao mbaya, shemeji." Mtandao mbaya! Sauti yangu hii? Mimi nikimwita ng'ombe hapa Mwakitolyo, ng'ombe wa Mwadui wanageuza shingo. Sauti hii haihitaji mtandao, na wewe unajua.

Kwa hiyo nimeandika barua, na nimeiandika wazi. Siitii gundi. Atakayeipokea aisome, halafu akikukuta kwenye kibanda cha chai akusomee kwa nguvu watu wakisikia. Mimi niliishia darasa la tano, lakini darasa la tano la wakati wetu mwalimu mwenyewe alikuwa ananivuta pembeni kuniuliza hesabu. Utanielewa bila mkalimani.

Nina hasira na wewe. Siyo ile hasira ya kununa siku ya mnada tukakutana kwenye nyama choma ikaisha. Hii imekaa. Nakula nayo, nalala nayo, dada yako ananiangalia usoni asubuhi anaiona imeamka kabla yangu.

Usije ukasema shemeji yako hajui utani. Siku nimekuja kwenu kuposa, nani alinificha viatu? Nikaketi mbele ya baba mkwe peku, nyayo zimepasuka kama udongo wa mbugani, na wewe unapita na sinia la maji ya kunawa unauliza kwa sauti, "Huyu mgeni amekuja kuoa au amekuja kulima?" Nilicheka. Msiba wa baba yangu, kaburi limeshachimbwa, wewe ukaruka ndani ukajilaza chali, ukasema hutoki mpaka upewe jogoo mwekundu. Wazee wa kanisa wakakasirika. Nani aliwaambia wamwache, huyu ni shemeji, ana haki yake? Ni mimi. Nikakukimbizia jogoo mwenyewe, machozi yananitoka na kicheko kinanitoka. Ulinisaidia siku ile, Nkwabi. Sijasahau. Umenitania kila mahali pa kutaniwa na hata pasipo, na mimi nimekutania, mpaka watoto wangu pacha walikuwa wanadhani jina lako ni Mwizi.

Kwa hiyo nisikilize mimi, mtu wa utani kuliko wote kuanzia Kharumwa mpaka Ushirombo, ninapokwambia kwamba kile ulichofanya ziwani hakikuwa utani.

Rudi nyuma kwanza. Unamkumbuka Lutema. Najua unamkumbuka, usigeuze uso. Kijana mwenye mwanya, zamu moja na sisi kwenye duara letu la kwanza, lile shimo la dhahabu lililokuwa linanuka popo. Siku ile mimi na wewe tulikuwa juu, yeye chini anajaza kiroba cha mawe. Ukuta ukaanza kumwaga vumbi. Sisi tukapiga kelele, "Lutema, njoo! Lutema, panda!" Na yeye kila siku alikuwa anasikia njoo ule, njoo unywe maji, njoo mwenye duara amefika. Akajibu. Ulisikia alivyojibu, maana tulikuwa tumeinama pamoja vichwa vyetu vinagusana. Akasema, "Namalizia kiroba hiki."

Basi. Hilo ndilo neno lake la mwisho hapa duniani. Tulimfukua kwa mikono. Mimi niling'oa gogo ambalo baadaye watu wanne walishindwa kulisogeza, na katika hili siongezi chumvi hata chembe, uliniona.

Tulipotoka kumzika tulikaa wachimbaji wote wa duara lile, na tukasema haiwezekani mtu afe kwa sababu sauti ya hatari na sauti ya ugali ni moja. Tutafute wito wake peke yake. Mimi nikatoa mawazo, tupige debe, tupige filimbi. Wewe ukakataa. Ukasema, nakunukuu, "Debe kila mtu anapiga. Mtu aitwe kwa jina la mama yake. Hakuna mwanaume anayelichezea jina la mama aliyemzaa mwenzake." Neno lako lilikuwa limenyooka. Ndiyo tukakubaliana: jina lako, ng'wana fulani, yaani mwana wa mama yako fulani, halafu neno moja tu, achia. Ukisikia hivyo hujibu, huulizi. Unafungua mkono, kilichomo kinaanguka, kiwe sululu, kiwe jiwe linalong'aa kama jua, unashika kamba ya kupandia. Maswali utauliza ukiwa juu.

Wito ule umetupandisha wangapi, Nkwabi? Wewe mwenyewe ulipandishwa nao. "Nkwabi ng'wana Ngolo, achia!" Ulitoka shimoni uso mweupe kwa vumbi, na nyuma yako ardhi ikafunga mdomo. Nani alikuita? Nilikuita mimi, kwa sauti hii unayoikatia simu.

Sasa twende ziwani.

Mpwa wangu Masele umemlea pamoja nami tangu dada yangu Minza afariki. Wewe ndiye uliyemshikisha nyundo na moko, ile patasi ya kupasulia mwamba, mara ya kwanza, ukamfundisha kusikiliza ukuta kwa kiganja. Hata wito ni wewe uliyemfundisha. Ulikuwa unamvizia yuko jikoni anapakua, unamwita kwa jina la Minza, anatupa sahani, na wewe unasema, "Vizuri. Mkono ujifungue wenyewe, kichwa kije baadaye." Dada yako alilalamika kwa ajili ya sahani zake, ukamwambia sahani zinauzwa mnadani.

Mvua zikijaza maji maduara, Masele alikuwa anakwenda ziwani upande wa Geita kwa ndugu za baba yake, akajifunza mitumbwi ya matanga. Na kijana aliyezoea kuning'inia kwenye kamba mchana kutwa, ziwa lilimpenda. Aliposema mwaka huu yumo kwenye mashindano, mimi nikasema mjomba wake hawezi kusimama ufukweni na wauza mahindi. Nikakodi boti. Boti yenye paa, yenye injini, nikawapakia dada yako, wewe, na wachimbaji wenzetu waliojaza mifuko michembe ya viazi na karanga kana kwamba tunahamia Uganda.

Unakumbuka mwenye boti, yule Mzinza mwenye kofia ya majani. Akaniambia, "Mzee, kaa chini, hii siyo mkokoteni." Nikamwambia, "Kijana, ziwa hili mimi nimeshalivuka juu ya mlango wa nyumba, mamba wawili wananisindikiza." Na wewe hapohapo, "Mlango upi huo, shemeji? Mlango wenye akili ungekuona na hilo tumbo ungebaki kwenye bawaba." Boti nzima ikacheka, Mzinza akacheka, nikacheka mimi kuliko wote. Ile ndiyo ilikuwa asubuhi yetu. Ungeishia hapo tu.

Nimeona mambo mengi yanayokwenda kasi. Lakini ile mitumbwi ilipotoka pamoja, matanga yamejaa upepo, hata mimi niliyezoea kusimulia nilikosa la kuongeza. Ilikuwa inaruka. Ukiangalia chini ya mtumbwi wa Masele unaona mwanga unapita, maji yanagusa nyuma tu. Boti yetu injini inalia kwa nguvu zake zote na bado tunaachwa. Nahodha wake ameshika kasia la usukani, na Masele yuko nje kabisa ya mtumbwi, miguu ameikaza ubavuni, mgongo karibu unalamba ziwa, kamba ya tanga ameikamata mkononi. Uzito wake ndio uliokuwa unauzuia mtumbwi usilale. Watu wa visiwani wenye tanga la bluu walikuwa wamewapigia kelele pwani, "Nyie wachimba mashimo, huku hakuna udongo!" Sasa tanga la bluu lilikuwa nyuma. Dada yako alikuwa amesimama, kanga imevuka bega, anaimba kwa Kisukuma nyimbo ambazo hajaimba tangu harusi yetu.

Wakazunguka dumu la njano, alama ya mwisho ya kugeukia, wanarudi. Mzinza akatusogeza karibu na njia yao ili tuwaone usoni. Niliona meno ya Masele. Alikuwa anacheka peke yake na upepo.

Na wewe ukasimama. Nilidhani unataka kushangilia. Ukakusanya viganja mdomoni namna ileile tunayofanya juu ya mdomo wa duara, ukavuta pumzi ya tumbo, ukaita.

"Masele ng'wana Minza! Achiaaa!"

Mkono wake ulifunguka. Kichwa hakikuulizwa, kama ulivyomfundisha. Kamba ikamtoka, tanga likapoteza upepo likaanza kupigapiga, na yeye aliyekuwa analivuta ziwa zima kwa mgongo akaanguka chali ndani ya maji, mtumbwi ukamfuata ukajifunika juu yake. Tanga la bluu likapita. Sikuangalia nani ameshinda na mpaka leo sijauliza.

Tulimfikia anashika ubavu wa boti yetu, maji yanamtoka puani. Hakuuliza habari ya mashindano, wala hakutukana mtu. Macho yake yalituhesabu mmoja mmoja, akaniuliza mimi, "Mjomba, nani amefukiwa?"

Nkwabi, wewe ukajibu. Umeshika nguzo ya paa, kicheko kimekukata mbavu, ukajibu, "Amefukiwa samaki!"

Angalia nani alicheka pamoja nawe. Watu wa visiwani walicheka. Mzinza alicheka kidogo kwa kutoelewa, kisha akaacha. Wachimbaji wetu, watu wanaocheka hata wakidondokewa na nyundo, hakuna aliyecheka. Yule Gamaya mnene aliweka michembe chini. Mimi nilikuja kukukamata na dada yako akanishika shati mpaka likachanika, na ushukuru, maana ningekutupa ukaanguka Bukoba. Ukasema, "Mbona mnanuna? Mimi ni mtani. Utani haushitakiwi." Tulipofika nchi kavu ukachukua begi lako, ukapanda pikipiki ya kwanza bila kumtazama kijana, na ndivyo ulivyoondoka kwetu.

Ungeniuliza siku ile ningekwambia nimekasirikia mashindano. Nilikuwa nimeshawatangazia watu wote wa Mwakitolyo kwamba kombe linakuja, na nilishasema nitalitumia kunywea uji. Nilikasirika, ndiyo. Lakini ile ni hasira ya kawaida, ingekwisha. Hii nyingine ilianzia ndani ya gari tukirudi. Masele alikuwa amejifunika blanketi la dada yako, akasema polepole, "Mjomba, kumbe ule wito mtu anaweza kuuita tu?"

Nikamjibu hapana. Nikamwambia amekosea Nkwabi peke yake. Akaitikia, "Sawa, mjomba." Lakini neno likishaingia sikioni kwa mchimbaji halitoki kwa sawa mjomba.

Sasa hili hujui, kwa sababu unakata simu.

Maji yalipopungua tukarudi kazini. Mimi nilikuwa juu, mdomoni, Masele chini na Gamaya. Nikasikia matimba, yale magogo yanayoshikilia ukuta, yanalia, ile sauti ya mti unaotaka kukatika huku unajizuia. Nikaita. Shemeji, niliita vizuri. Sijawahi kuita vile. Gamaya kwanza, kwa jina la mama yake, halafu Masele ng'wana Minza, achia. Gamaya akatokeza kichwa. Nikaingoja kamba ya pili ikaze. Haikukaza. Nikaita tena jina la dada yangu ndani ya lile shimo, na ikakaza kwa kuchelewa, tukavuta, na jiwe likamkuta mguu wa kulia akiwa njiani.

Yu hai. Usiende kutangaza msiba huko. Hospitali wamemfunga, mfupa umevunjika chini ya goti, na daktari amesema atatembea lakini mguu ule usitegemee kuukaza tena. Unajua maana yake. Shimoni unapanda kwa miguu. Mtumbwini unauzuia mtumbwi kwa miguu. Kijana wa watu analala sebuleni kwangu, mguu juu ya mto, anaangalia dari.

Nilimwuliza, siyo kwa ukali. Nilimwuliza, "Mwanangu, hukunisikia?" Mimi, mtu wa sauti hii, nilitamani aseme hakusikia. Ningekubali mbele ya watu wote kwamba sauti yangu imezeeka.

Akasema, "Nilikusikia, mjomba. Ila nilitulia kwanza nisikilize kama kuna mtu anacheka."

Dada yako alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Mpaka siku hiyo alikuwa anakutetea. Kila nikifungua mdomo, "Baba Kulwa, mtani hanuniwi. Nkwabi ndivyo alivyo, mama yetu alimzaa anacheka." Aliposikia vile akaliweka bakuli sakafuni, akakaa chini hapohapo mlangoni, akaniambia, "Mwandikie." Kwa hiyo barua hii usidhani ni ya shemeji peke yake.

Nimejaribu kukuwaza ukisoma hapa. Najua utakavyosema: sikukusudia. Nakubali hukukusudia! Ndiyo hasa kinachonitafuna. Ungekuwa adui ningejua pa kukuweka. Wewe uliona mtu ananing'inia kwenye kamba, ukakumbuka sahani za jikoni, ukaona itachekesha. Ulilala ndani ya kaburi la baba yangu, na kaburi lile halikupungukiwa kitu, baba alizikwa vizuri jioni ile. Lakini kitu hiki kilikuwa na kazi moja tu duniani, nacho kilifanya kazi kwa sababu hakuna aliyewahi kukidanganyia. Wewe ulikidanganyia mara moja. Mara moja tu, mchana kweupe, karanga mdomoni.

Na aliyetuonya tusichezee jina la mama ni wewe.

Wachimbaji walikutana baada ya ajali. Walikuja nyumbani ili Masele awepo. Gamaya akasema wito umekufa, mtu yeyote akiitwa sasa atasikiliza kwanza kama kuna anayecheka, na kuchelewa ndiko kulikomuua Lutema. Tukakaa mpaka chai ikapoa tukitafuta mwingine. Aliyeupata ni Masele, kutoka pale alipolala. Kila mmoja akaurudia kwa sauti ndogo, kisha tukala kiapo ambacho sitakuandikia.

Halafu mimi, mume wa dada yako, nikauliza, "Nani atamwambia Nkwabi?" Nilingoja, shemeji. Nilitaka hata mmoja aseme, basi, mimi nitampelekea. Watu uliokula nao, uliowavuta kwa kamba na wakakuvuta. Gamaya akatazama vidole vyake. Masele akageukia ukutani. Na mimi niliyeuliza, nikaona mdomo wangu umefunga.

Kwa hiyo njoo. Mlango upo, ugali upo, dada yako yupo na ana maneno yake ya kukupa. Kijana yupo sebuleni, utamkuta, hawezi kukimbia. Nitanie tumbo langu ukitaka, nitakujibu. Lakini mgodini, Nkwabi, usikanyage duara letu. Ukishuka mle na ardhi ikaanza kulia, tutaitana, tutapanda sote mmoja baada ya mwingine, na wewe utakuwa umesimama na nyundo yako mkononi, hujui kwamba umeshaitwa.

Mume wa dada yako, na bado nimekasirika,
Baba Kulwa